John Hutchinson, daktari aliyepima pumzi

Mtu mzima mwenye makovu kwenye mapafu, ugonjwa adimu, huvuta hewa hadi kifua kijae, kisha huipuliza yote ndani ya kifaa kiitwacho spirometa. Baada ya miezi kadhaa hurudia. Kipimo hicho tumekirithi kutoka kwa John Hutchinson, daktari Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1811.

Huko London aliwapima watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia na polisi. Aliona kuwa warefu hupuliza hewa nyingi zaidi, na uzee huipunguza. Matokeo aliyachapisha mwaka 1846.

Kisa kinachotugusa zaidi ni cha Charles Freeman, bondia Mmarekani mrefu kupindukia. Mwaka 1842 alipuliza zaidi ya lita 7. Miaka miwili baadaye zilipungua kwa zaidi ya lita moja. Bado aliwashinda watu wengi wazima, kwa hiyo kipimo kimoja tu kingemwonyesha mzima. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1845.

Hutchinson alihamia Australia, akafia Fiji mwaka 1861.