Livingstone alihukumu ndoa ya Sechele, yake ikamponyoka

Jina la David Livingstone halimwii geni yeyote aliyepitia somo la historia katika shule zetu. Watoto hufundishwa kwamba alivuka bara hili kutoka pwani hadi pwani, akapinga biashara ya utumwa, na akakutwa amekufa hali amepiga magoti kando ya kitanda chake. Hayo yote ni kweli.

Kile ambacho aghalabu hawafundishwi ni habari za nyumba yake. Nami nashikilia kwamba kwa Mkristo anayetaka kujua jinsi wito wa Mungu na kiapo cha ndoa vinavyopaswa kukaa pamoja, hapo ndipo penye mafunzo mengi zaidi katika maisha ya mtu huyu.

Livingstone alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika jamaa maskini. Alipofika umri wa miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha nyuzi za pamba, akawa anafanya kazi mchana kutwa na kusoma usiku. Baadaye alisomea udaktari na theolojia. Alinuia kwenda China, lakini vita vya afyuni vikaifunga njia hiyo, na mwaka 1841 Chama cha Misionari cha London kikamleta Afrika Kusini.

Huko Kuruman alimkuta Mary, binti wa mmisionari Robert Moffat aliyeitafsiri Biblia kwa Kitswana. Mary alizaliwa papa hapa Afrika mwaka 1821. Alijua kutengeneza sabuni na mishumaa, kuoka mkate na kufundisha watoto wadogo, na lugha ya wenyeji aliijua tangu utotoni. Walipofunga ndoa Januari 1845, Livingstone alikuwa amepata mwenzi aliyeielewa kazi ile na watu wake pengine kuliko yeye mwenyewe.

Mwaka 1847 waliweka makao huko Kolobeng, katika nchi ambayo leo ni Botswana, kwa chifu Sechele wa Wakwena. Sechele alikuwa mtu wa akili nyingi. Alijifunza kusoma kwa muda mfupi sana, akawa haachi kuisoma Biblia. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: alikuwa na wake watano.

Kanuni ya misheni ilikuwa wazi. Hapana ubatizo kwa mume wa wake wengi. Sechele akatii, akawarudisha wanne kwa wazazi wao, akabaki na mmoja. Wanawake hao hawakuwa na kosa lolote. Livingstone mwenyewe alikiri kwamba walikuwa miongoni mwa wanafunzi wake bora, na jamaa zao walikuwa wafuasi waliomsaidia chifu kuushika utawala. Sechele alibatizwa mwaka 1848 huku baadhi ya watu wake wakilia. Miezi michache baadaye ikabainika kwamba mmojawapo wa wale walioachwa ana mimba yake. Livingstone akamzuia asishiriki Meza ya Bwana, ijapokuwa chifu alitubu.

Basi tumtazame sasa hakimu huyu katika miaka iyo hiyo.

Mwaka 1850 alimchukua Mary, akiwa mja mzito, pamoja na watoto watatu wadogo, wakaingia jangwa la Kalahari kwa gari la kukokotwa na maksai. Watoto walishikwa na homa. Waliporejea, Mary alijifungua binti, Elizabeth, ambaye hakuishi hata miezi miwili. Mama mkwe alimwandikia Livingstone barua ya kumkemea vikali asirudie jambo hilo. Mwaka 1851 akalirudia, na Mary kwa mara nyingine alikuwa mja mzito. Njiani maji yaliwaishia, watoto wakakaa siku kadhaa na kiu kali. Mtoto wa kiume alizaliwa katika safari hiyo, kando ya mto.

Aprili 1852 aliwapandisha meli huko Cape Town, mke na watoto wanne, waende Uingereza. Yeye akageuka kuelekea bara. Alifika Luanda upande wa magharibi, kisha Quelimane upande wa mashariki, na mwaka 1855 akayaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Kwa zaidi ya miaka minne Mary hakumtia mumewe machoni. Hakuelewana na wakwe zake, akawa anahama nyumba hadi nyumba, akikiomba chama cha misionari fedha za matumizi. Imani yake ikatikisika, akaanza kutafuta faraja katika kileo.

Livingstone aliporudi mwishoni mwa mwaka 1856, taifa zima lilimshangilia, na kitabu chake kikauzwa kwa wingi. Mwaka 1858 akaondoka tena kwenda mto Zambezi. Mary alisafiri naye hadi Cape Town, na kwa kuwa alikuwa mja mzito, akabaki kwa wazazi wake huko Kuruman. Mtoto aliyezaliwa, Anna Mary, hakumwona babaye hadi mwaka 1864. Mary mwenyewe alimfuata mumewe Zambezi mapema mwaka 1862. Baada ya takriban miezi mitatu tu, homa ilimuua huko Shupanga, tarehe 27 Aprili, akiwa na umri wa miaka 41. Alizikwa chini ya mbuyu, na Livingstone alilia kama mtoto.

Mwana wao wa kwanza, Robert, alikimbilia Marekani, akajiunga na jeshi la Kaskazini kwa jina la kubuni, akatekwa, akafa mwaka 1864 akiwa mfungwa wa vita. Uzeeni baba huyu aliandika kwamba alijuta kutopata wakati wa kucheza na watoto wake.

Wapo watakaosema kwamba bila safari hizo dunia isingeusikia uovu wa utumwa kwa wakati. Hoja hiyo ina uzito. Habari za mauaji aliyoyashuhudia Nyangwe mwaka 1871 zilichangia kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873, mwaka aliofariki. Wala hakuwa mume katili; alimpenda Mary. Lakini sadaka ya kweli hutolewa na mwenye mali. Livingstone alitoa sadaka maisha ya wengine, wala hawakuulizwa.

Wahenga walinena kwamba nyani haoni kundule. Mmisionari aliyevunja nyumba ya Sechele kwa jina la ndoa takatifu hakuona kwamba mke wake wa pekee alikuwa mjane wa mume aliye hai. Waama, ndoa ya Kikristo haihesabiwi kwa idadi ya wake peke yake. Hupimwa pia kwa kuwapo.

Kanisa limechukua muda mrefu kujifunza nusu ya somo hili. Mwaka 1988 maaskofu wa Kianglikana, wakikutana Lambeth kwa hoja iliyopelekwa na Askofu David Gitari wa Kenya, waliamua kwamba mume wa wake wengi anayeamini aweza kubatizwa bila kulazimishwa kuwafukuza wake zake, mradi asioe tena. Walitambua kwamba mwanamke anayefukuzwa ndiye anayebeba adhabu.

Nusu ya pili bado hatujaijifunza. Makanisa yetu yanakemea kwa sauti kuu wake wengi, talaka na uzinzi. Ni haki yao. Lakini ni mara ngapi yanamwuliza mhubiri anayezunguka na mikutano ya injili mwaka mzima, mkewe anaishije? Mtume Paulo alimwagiza Timotheo kwamba msimamizi wa kanisa awe kwanza anayeisimamia nyumba yake vema. Agizo hilo halikutoa ruhusa kwa wenye vipawa vikubwa.

Wito wa mtu aliyeoa haumhusu yeye peke yake. Anayedai kuusikia na ausikilize pamoja na mkewe, na mkewe akisema bado, neno hilo nalo lipimwe kama sehemu ya wito.

Sechele, mwanafunzi aliyeadhibiwa, hakuiacha Biblia. Aliendelea kuwahubiria Wakwena kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1892, akiwa kati ya watu wake. Livingstone amelazwa Westminster Abbey, katikati ya wakuu wa Uingereza. Mary yuko Shupanga, peke yake.