Ambroise Paré: Mganga wa Majeraha

Ambroise Paré alizaliwa karibu na Laval, Ufaransa, yapata mwaka wa 1510. Alianza kama kinyozi mpasuaji, kazi iliyodharauliwa na madaktari wa chuo kikuu. Enzi hizo jeraha la risasi lilidhaniwa kuwa na sumu ya baruti, hivyo likaunguzwa kwa mafuta yanayochemka. Katika vita vya Turin vya 1536 na 1537, mafuta hayo yalimwishia Paré. Majeruhi waliosalia akawapaka mchanganyiko wa kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini. Usiku hakupata usingizi, akihofu kuwakuta maiti. Alfajiri aliwakuta wametulia, ilhali waliounguzwa walikuwa na homa, maumivu na uvimbe.

Mnamo 1545 alichapisha matokeo hayo kwa Kifaransa wala si Kilatini, ili vinyozi wenzake wayasome. Baadaye alifunga mishipa ya damu kwa uzi alipokata viungo, badala ya kuichoma kwa chuma. Mwaka wa 1575 Kitivo cha Tiba cha Paris kilipinga uchapishaji wa mkusanyiko wa kazi zake. Hata hivyo ulitoka.

Paré alifariki mwaka wa 1590. Elimu aliyoipata kando ya mgonjwa aliirudisha kwa lugha ya watu wake.