LOUIS BRAILLE, MTOTO WA FUNDI WA NGOZI

Hapa Nakivale habari za macho huishia kwenye miwani. Mtu hupanda gari hadi Mbarara, akapimwa katika hospitali ya macho ya Ruharo, akarudi anasoma Biblia au Kurani yake bila taabu. Lakini wapo wanaoambiwa kwamba miwani haitawasaidia, na wapo watoto wanaotolewa macho ili saratani isiwaue. Hao nao wanataka kusoma. Kwa ajili yao tumechagua kumkumbuka Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, karibu na Paris. Tangu mwaka 2019 Umoja wa Mataifa huiadhimisha tarehe hiyo.

Baba yake alishona matandiko ya farasi. Louis, akiwa na miaka mitatu, alichezea msharasi karakanani, ukamchoma jicho. Jicho likafanya usaha, ugonjwa ukaingia la pili, na alipofika miaka mitano alikuwa haoni kabisa. Wazazi wake hawakumficha ndani. Alisoma pamoja na watoto wa kijiji, na mwaka 1819 akapelekwa shule ya vipofu ya Paris.

Vitabu vya huko vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Vilikuwa vizito, vilisomwa polepole mno, na mwanafunzi hakuweza kuandika kwa namna hiyo. Mwaka 1821 mwanajeshi wa zamani, Charles Barbier, alileta mwandiko wa nukta 12 za kupapasa. Nukta hizo zilizidi ncha ya kidole, tena zilifuata sauti tu bila tahajia. Louis akazipunguza zikawa 6, safu mbili za tatu tatu. Zikipangwa hutoa alama 63, za kutosha herufi, tarakimu, hata muziki. Alikuwa na miaka 15 tu! Mwaka 1829 alichapisha kitabu cha kuueleza mwandiko huo.

Chombo chake ni kibao na kijisindano. Unatoboa kutoka kulia, unageuza karatasi, unasoma kutoka kushoto. Hakitaki umeme wala betri, jambo ambalo sisi wa Nakivale hatuhitaji kuelezwa.

Waliompinga walikuwa wenye macho. Mkuu mpya wa shule aliukataza mwandiko huo mwaka 1840, na wanafunzi wakaendelea kuandikiana kwa siri. Sisi hatushangai: mwenye kuona hupenda kila kitu kiandikwe kwa ajili yake. Mwaka 1844 shule ikaukubali.

Louis alifundisha na kupiga kinanda kanisani mpaka kifua kikuu kilipomlemea. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, akiwa na miaka 43. Serikali ya Ufaransa iliukubali mwandiko wake mwaka 1854, naye hakuiona siku hiyo. Mwaka 1952 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, Paris, ila mikono yake ikaachwa Coupvray.

Mzazi mwenye mtoto asiyeona ambaye bado yuko nyumbani, tunaomba aje amwandikishe kwa kamati kabla ya muhula kufunguliwa.