John Napier

John Napier (Merchiston, Edinburgh, 1550 – 4 Aprili 1617) alikuwa mwanahisabati wa Uskoti anayekumbukwa hasa kwa kuvumbua logi. Hakuwa mwalimu wala profesa, bali bwana wa mashamba aliyefanya hisabati kwa muda wake mwenyewe. Hata hivyo ni watu wachache waliowasaidia wanafunzi wa fizikia na hisabati kumaliza mazoezi yao kama yeye.

Maisha

Alizaliwa katika mnara wa Merchiston, ambao wakati huo ulikuwa nje ya mji wa Edinburgh. Leo mnara huo umo ndani ya eneo la chuo kikuu chenye jina lake. Baba yake, Archibald Napier, alikuwa bado kijana wa miaka 16 hivi. Mwaka 1563 John alipelekwa Chuo Kikuu cha St Andrews, lakini hakupata shahada huko. Inadhaniwa aliendelea kusoma katika nchi nyingine za Ulaya. Alioa mwaka 1572. Mke wake wa kwanza, Elizabeth Stirling, alifariki mwaka 1579 akiacha watoto wawili, na mke wa pili, Agnes Chisholm, alizaa watoto kumi.

Napier alikuwa Mprotestanti mkali. Kitabu chake cha kwanza, cha kufafanua Ufunuo wa Yohane, kililenga kumshambulia Papa. Majirani walimdhania mchawi. Husimuliwa kwamba alipoibiwa aliwaambia watumishi wamguse jogoo wake mmoja mmoja gizani, kwa kuwa jogoo huyo angemtambua mwizi. Kumbe alikuwa amempaka masizi: asiye na hatia alitoka na mikono myeusi, na mwizi, aliyeogopa kumgusa, alitoka na mikono safi. Masimulizi hayo hayana ushahidi, ila yeyote aliyewahi kusimamia bweni atayaelewa.

Uvumbuzi wa logi

Katika zama zake wanaastronomia na mabaharia walizidisha na kugawanya namba za tarakimu saba au zaidi kwa mkono. Kosa moja mwanzoni liliharibu kazi ya siku nyingi. Napier alitafuta njia ya kugeuza kuzidisha kuwe kujumlisha, na kugawanya kuwe kutoa.

Wazo lenyewe laonekana ukiandika namba 1, 2, 4, 8, 16, 32, na chini yake 0, 1, 2, 3, 4, 5. Ili kuzidisha 4 kwa 8, jumlisha namba zilizo chini yake, yaani 2 na 3. Jibu ni 5, na juu ya 5 ipo 32. Ugumu ulikuwa kuzijaza namba zote zilizo katikati. Kazi hiyo ilimchukua Napier miaka 20 hivi.

Mwaka 1614 alitoa kwa Kilatini kitabu Mirifici Logarithmorum Canonis Descriptio, chenye majedwali ya logi za saini kwa kila dakika ya pembe kuanzia 0 hadi nyuzi 90. Logi zake hazikufanana na zetu: zilipungua kadiri namba ilivyoongezeka.

Henry Briggs, profesa wa jiometri wa Chuo cha Gresham, London, alikisoma akasafiri hadi Edinburgh mwaka 1615, akakaa kwa Napier mwezi mmoja. Walikubaliana kwamba logi ya 1 iwe 0 na ya 10 iwe 1. Napier hakuwa tena na afya ya kuanza upya, hivyo Briggs ndiye aliyekokotoa. Mwaka 1624 alitoa logi za namba 30,000 zenye tarakimu 14 baada ya nukta. Wanafunzi wengi hawajui kwamba majedwali waliyoyazoea ni ya Briggs zaidi kuliko ya Napier.

Upinzani

Si wote waliofurahi. Michael Maestlin, aliyekuwa mwalimu wa Johannes Kepler huko Tübingen, aliona haifai profesa wa hisabati kushangilia njia ya mkato, tena ambayo msingi wake haukuthibitishwa. Hoja ya pili ilikuwa na uzito, kwa sababu kitabu cha 1614 kilieleza matumizi bila kuonyesha namba zilivyopatikana. Maelezo hayo yalitoka mwaka 1619, Napier akiwa amekwisha kufa, kwa juhudi za mwanawe Robert. Kepler hakubishana na mwalimu wake kwa maneno: aliandika uthibitisho wake mwenyewe, kisha akazitumia logi katika majedwali yake ya sayari ya mwaka 1627. Ubishi kama huo ulirudi shuleni vilipoingia vikokotoo.

Logi shuleni

Kabla ya vikokotoo vya mfukoni kuenea kuanzia miaka ya 1970, kijitabu cha majedwali ya tarakimu nne kilikuwa msaada mkuu wa mwanafunzi wa sekondari, iwe Tukuyu au London. Tuseme zoezi linauliza jiwe lililoangushwa kutoka mita 25 juu ya mto Kiwira litachukua muda gani kufika majini. Muda ni kipeuo cha pili cha 50 gawanya kwa 9.8. Logi ya 50 ni 1.6990, na ya 9.8 ni 0.9912. Ukitoa unapata 0.7078, nusu yake ni 0.3539. Ukirudi kwenye jedwali unapata 2.259, yaani sekunde 2.26 hivi. Hakuna kugawanya kurefu wala kutafuta kipeuo kwa kubahatisha. Lakini jedwali halimwambii mwanafunzi kwa nini ni 50 na si 25. Hilo linatoka kwenye kanuni ya mwendo, na hapo ndipo wengi hukwama.

Baraza la Mitihani la Tanzania lina kijitabu chake cha majedwali ya hisabati, kinachoruhusiwa katika chumba cha mtihani.