MAISHA YA EDWIN LINK, MTENGENEZAJI WA NDEGE ISIYORUKA

Wengi wanauliza: juu ya nini ndege ndogo ikifika Kasongo haishuki mara moja, inazunguka kiwanja kwanza? Tutajibu kwa njia ya maisha ya Edwin Link.

Link alizaliwa mwaka 1904 katika Indiana, Marekani. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda vya upepo huko Binghamton, na mtoto akakomalia kazi hiyo. Mwaka 1920 alilipa dola 50, feza nyingi sana wakati ule, kwa somo la kwanza la kuruka. Mwalimu akamzungusha juu saa nzima, hakumwachia kushika usukani hata kidogo.

Basi mwaka 1929, kwa vipande vya vinanda, Link alitengeneza ndege fupi isiyotoka ndani ya nyumba. Ilikaa juu ya mifuko ya upepo kama mivukuto ya mhunzi. Ukivuta usukani, mfuko mmoja unajaa, mwingine unalegea, ndege inainama. Watu waliona ni mchezo tu, akaiuza kwenye viwanja vya michezo.

Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege. Katika majuma machache tu marubani zaidi ya kumi walikufa, wengi katika mawingu na usiku. Hapo wakubwa wakamwita Link. Siku ile ukungu ulikuwa mzito, lakini yeye alikuja kwa ndege na akashuka salama. Wakanunua mashine 6. Katika vita ya pili, watu kama nusu milioni walijifunza ndani yake.

Mezani kwa mwalimu kulikuwa chombo kidogo, walikiita kaa, kilichochora kwa wino njia yote ya mwanafunzi. Kosa halikufichika.

Na mzunguko wa kiwanja ni mchoro pia. Rubani akiisha kupanda anapinda kushoto, tena kushoto, anaenda sambamba na kiwanja, urefu wa metre 300 hivi. Anapinda kushoto, anaanza kushuka, anapinda mara ya mwisho, anatazama kiwanja na upepo usoni. Kwa kawaida ni kushoto, sababu yeye anakaa kushoto, anaona chini vizuri. Wote wakifuata njia moja hawagongani. Tena anaona kama mbuzi wako njiani!

Hatari iko katika ile pembe ya mwisho. Mwanafunzi anachelewa kupinda, anavuta kwa nguvu, mwendo unakwisha, ndege inaanguka. Kwa mashine, hata ile ya ordinateri ya siku hizi, anacheka na kuanza tena.

Baadaye Link aliacha hewa akaenda chini ya bahari. Mwaka 1973 mtoto wake Clayton na mwenzake walikwama ndani ya chombo cha chini ya maji karibu na Florida, wakafa. Baba hakuacha kazi. Alitengeneza chombo kingine, kisicho na mtu ndani, cha kwenda kufungua wanaokwama. Alikufa Binghamton mwaka 1981.