Baba Allauddin Khan wa Maihar

Katika mji mdogo wa Maihar, katikati ya India, kipo kilima chenye ngazi zaidi ya 1,000, na juu yake limesimama hekalu la Sharda Devi, Mama wa elimu na sanaa. Miongoni mwa waliompenda Mama huyo kwa moyo wote alikuwamo Mwislamu mmoja ambaye hakuiacha dini yake wala hakuona haja ya kuiacha. Huyo ndiye Allauddin Khan, ambaye wanamuziki wa India humwita Baba.

Alizaliwa karne ya 19 kijijini Shibpur, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, na angali mtoto alitoroka kwao kuufuata muziki. Huko Kolkata alifundishwa kuimba na Mhindu, Gopal Krishna Bhattacharya. Mwalimu huyo alipofariki kwa tauni, kijana aligeukia ala: fidla ya Kizungu kwa Lobo, kiongozi wa bendi aliyetoka Goa, kisha klarineti, zumari na ngoma za namna nyingi. Siku aliyoisikia sarodi ya Ahmed Ali Khan, moyo wake ulitekwa. Aliipiga kwa mkono wa kushoto. Mwalimu wake wa mwisho, Wazir Khan wa Rampur, wa ukoo wa Tansen, alimweka miaka mingi mlangoni kabla ya kumfungulia hazina yake.

Mtawala wa Maihar, Brijnath Singh, alimchukua awe mwalimu wake. Maradhi yalipoacha mayatima wengi mjini, Baba aliwakusanya, akawafundisha, akaunda bendi iliyochanganya sitari na fidla. Mitutu ya bunduki aliigeuza kuwa ala ya kugonga, nayo ikaitwa nal tarang. Sijui matumizi bora zaidi ya bunduki.

Alikuwa mkali mno kwa wanafunzi, hata kwa mwanawe Ali Akbar, hilo halifichiki. Lakini jeraha lake kubwa lilikuwa la mzazi. Binti yake mkubwa, Jahanara, alifundishwa muziki, akaolewa katika nyumba isiyoutaka. Husimuliwa kwamba mama mkwe aliichoma moto tambura yake. Alirudi kwa wazazi wake, akafa. Baba akaapa kutomfundisha binti mdogo, Annapurna.

Siku moja alirejea nyumbani akamkuta Annapurna, mtoto bado, akimsahihisha kaka yake somo ambalo yeye hakufundishwa. Alikuwa amelisikiliza tu. Baba alisimama akisikiliza, kisha akakivunja kiapo chake.

Binti huyo akawa bingwa wa surbahar, sitari kubwa yenye sauti nzito. Ali Akbar aliirithi sarodi, na Ravi Shankar, aliyemwoa Annapurna mwaka 1941, akaifikisha sitari ng'ambo. Baba alifariki Maihar tarehe 6 Septemba 1972. Bendi aliyoianza na mayatima ilidumu baada yake.