Mwenye Heri Anuarite, Aliyempenda Mungu kwa Moyo Wote

Jubilei ni siku ya kuwasha upya mapendo yetu kwa Mungu. Tumkumbuke basi Mwenye Heri Maria-Klementina Anuarite Nengapeta.

Alizaliwa Wamba mwaka wa 1939. Tarehe 5 Agosti 1959 alifunga nadhiri katika shirika la Masista wa Jamaa Takatifu, Bafwabaka. Alifundisha watoto, akatunza sakristia, akapika.

Mwishoni mwa Novemba 1964, waasi Simba waliwapeleka masista Isiro. Mkubwa mmoja wa askari alitaka kumwoa kwa nguvu, Anuarite akakataa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Koloneli Olombe alimpiga, akaamuru achomwe, akampiga risasi. Naye alimsamehe kabla ya kufa. Papa Yohane-Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, akamsamehe pia yule muuaji kwa jina la Eklezya.

Mapendo hayo hayakuanza usiku ule. Aliyatunza miaka mitano katika sala na kazi ndogo, kama mama anavyotunza moto chini ya majivu. Sisi wa Goma, tulioumizwa na vita, tuanze nasi nyumbani: tusali, tusamehe, tushike ahadi za ubatizo wetu.